Ukungu na Bakteria Ndani ya Mafuta ya Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Majibu haya ni kwa wahudumu wa mafuta, mafundi na marubani wa ndege ndogo zinazotua Tanga, zile za kwenda Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Wenye boti na majenereta nao wana fungu lao humu, maana adui ni yuleyule. Ukikosa muda wa kusoma yote, soma swali la maji na swali la sampuli. Hayo mawili ndiyo yenye kazi.

Kiumbe hai anaishije ndani ya mafuta? Mafuta si sumu?

Makazi yake hasa ni yale maji yaliyolala chini ya mafuta. Mafuta ndiyo chakula chake. Jet A-1, mafuta ya injini za tabaini, ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa: minyororo ya kaboni na haidrojeni ambayo kiumbe anayejua kuivunja hupata ndani yake nguvu ya kutosha kuishi na kuzaliana. Wapo wanaojua. Anayeongoza ni kuvu aitwaye Hormoconis resinae, ambaye siku hizi huandikwa pia Amorphotheca resinae. Huandamana na bakteria wa jamii ya Pseudomonas na aina kadhaa za hamira. Chini kabisa, kwenye tope lisilofikiwa na hewa, hukaa bakteria wanaotumia salfeti na kutoa gesi inayonuka yai viza.

Mbegu za kuvu zinaweza kukaa ndani ya mafuta makavu kwa muda mrefu bila kufanya lolote. Zikipata maji, hata matone machache yaliyotuama kwenye kona ya tangi, huota. Hukua pale maji yanapogusana na mafuta, zikifanya utando wa kahawia au mweusi unaoteleza. Tatizo hili lilijulikana wazi tangu miaka ya 1950 na 1960, ndege za jeti zinazotumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa zilipoenea na mafundi wakaanza kukuta ute ndani ya matangi ya mabawa.

Maji yanaingiaje wakati tangi limefunikwa?

Kwa njia tatu, na zote zipo Tanga kila siku.

Ya kwanza ni hewa. Tangi lina tundu la kupumulia, vinginevyo mafuta yasingetoka. Kadiri mafuta yanavyopungua, hewa ya nje huingia kujaza nafasi. Ndege inaposhuka kutoka juu kwenye baridi kuja kutua pwani, hewa inayoingia ni ya huku kwetu, nzito kwa mvuke, na inakutana na kuta za tangi zilizopoa. Umande hufanyika ndani ya bawa. Usiku ndege ikilala nje na matangi nusu, hali ni hiyohiyo kwa polepole.

Ya pili ni mafuta yenyewe. Jet A-1 hubeba maji yaliyoyeyuka ambayo jicho haliyaoni. Yakiwa na joto hubeba mengi, yakipoa huyatema. Wazee wa kazi hii hutumia kanuni rahisi: kila joto likishuka digrii moja ya Farenhaiti, karibu sehemu moja ya maji kwa kila sehemu milioni ya mafuta hutoka. Sasa chukua boza lenye lita 10,000 lililojazwa mchana, mafuta yakiwa yameshiba maji. Yakipoa digrii 5 za Selsiasi mpaka alfajiri, yametema takriban mililita 90 za maji. Hakuna aliyemwaga maji humo, wala hakuna mfuniko uliovuja. Na mililita 90 kwa kuvu ni bahari.

Ya tatu ni uzembe: mfuniko wa bawa wenye mpira uliochakaa, pipa lililosimamishwa wima nje wakati wa masika likakusanya maji juu ya kizibo chake, kipimio kilichochovywa kikiwa kimelowa. Pipa lilazwe ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa chini ya usawa wa mafuta. Ni jambo dogo, lakini nimeona likipuuzwa zaidi ya mengine yote.

Je, Tanga ni pabaya zaidi kuliko mahali pengine?

Kuvu wa mafuta hustawi vizuri kwenye joto la kati ya digrii 25 na 35 hivi. Hilo ndilo joto la Tanga karibu mwaka mzima. Ongeza unyevu wa bahari, mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli mwishoni mwa mwaka, na ndege inayokaa siku nyingi chini bila kuruka. Miji yote ya pwani ina hali hii. Tofauti ni kwamba kwenye kiwanja chenye safari chache mafuta hukaa muda mrefu kabla ya kutumika, na kukaa ndiko kunakolisha ukungu. Mafuta yanayozunguka haraka hayampi nafasi.

Avgas nayo huota?

Kwa nadra sana. Avgas, petroli ya ndege za injini za pistoni, kwa kawaida ina risasi, ambayo haiwapendezi viumbe hawa, na mchanganyiko wake ni mwepesi kuliko mafuta ya taa. Lakini nadra haina maana ya kamwe, na maji ndani ya Avgas yana hatari yake nyingine: huzima injini. Mwaga maji ya chini kama kawaida.

Nitajuaje kuna tatizo kabla ya kununua kipimo chochote?

Ndege husema mapema, ila kwa sauti ndogo. Geji ya mafuta huanza kusoma ovyo, inapanda na kushuka bila sababu, kwa kuwa ute umeshika vile vipimo vya umeme vilivyosimama ndani ya tangi. Filta inaziba kabla ya saa zake. Chujio likitolewa lina madoa meusi yaliyotapakaa kama ngozi ya chui. Maji yanayotoka chini yana rangi ya chai, au yana nyuzinyuzi, au yananuka yai viza. Ukifungua tangi, rangi ya kinga imevimba au kubanduka, na chini ya ute alumini ina vishimo. Hivyo vishimo ni kazi ya asidi wanayotoa viumbe wakila, na ndicho kitu cha gharama kuliko vyote, kwa sababu ute unaoshwa lakini bati lililoliwa halirudi.

Dalili moja peke yake inaweza kuwa na sababu nyingine. Geji ikisumbua inaweza kuwa waya tu. Mbili zikikutana kwenye tangi moja, usingoje ya tatu.

Kwenye jagi la kioo natazama nini hasa?

Swali hili linastahili nafasi, kwa sababu jagi la kioo likitumiwa vizuri linakamata matatizo mengi kuliko kifaa chochote cha gharama, na likitumiwa kwa mazoea halikamati kitu.

Jagi liwe safi na kavu. Lijaze kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, liweke kwenye mwanga wa mchana mbele ya kitu cheupe, kisha lizungushe mpaka mafuta yafanye kizingia katikati. Uchafu wote utajikusanya chini, kwenye ncha ya kizingia hicho. Hapo ndipo utazame. Mafuta mazuri ya Jet A-1 hayana rangi au yana umanjano hafifu wa nyasi kavu, na yanang'aa. Maandishi yaliyo nyuma ya jagi yanasomeka wazi.

Yakiwa na utusitusi, subiri dakika moja uangalie unavyoondoka. Ukianza kung'aa chini na weupe unapanda juu, ilikuwa hewa tu. Ukianza kung'aa juu na weupe unashuka, hayo ni maji. Kisha angalia mpaka kati ya maji na mafuta. Mpaka safi ni mstari mmoja, mkali. Ukiona kitambaa chembamba cha kahawia kimelala hapo, chenye kingo kama lesi, ambacho ukitikisa jagi kinakatika vipande na kisha kinarudi palepale, umeshamwona mgeni wako kwa macho. Uchafu wa kutu huzama ukakaa chini. Huyu hukaa katikati.

Kuna mtego mmoja ambao unawapata hata wazoefu: jagi lililojaa maji matupu linaonekana safi, linang'aa, halina mpaka wowote. Mtu anaandika "safi" anaondoka. Nusa. Gusa kwa kidole, maji hayana utelezi wa mafuta. Paka dawa ya kugundua maji kwenye kipimio, au tumia kile kidonge cha bomba la sindano kinachobadilika kutoka njano kwenda kijani kikikutana na maji. Kipimo hicho kimetengenezwa kuonyesha maji huru kwenye kiwango cha sehemu 30 kwa milioni au chini ya hapo, kiasi ambacho jicho peke yake halikioni kwa uhakika.

Sampuli ya kupima vijidudu inachukuliwaje?

Nusu ya matokeo ya ajabu yanatokana na sampuli, si na kipimo. Kwa hiyo hapa nitasema kwa kirefu.

Chagua wakati. Ndege iwe imetulia, vizuri ikiwa imelala usiku kucha, na kabla ya kujazwa mafuta mapya. Ukijaza kwanza umevuruga kila kitu na umechanganya mafuta ya tangi na ya boza; ukipata tatizo hutajua ni la nani. Kwa tangi la ghala, kanuni ya kutulia kwa Jet A-1 ni saa 3 kwa kila mita ya kina.

Chagua mahali. Chini kabisa, pale maji yanapokusanyika. Sampuli ya katikati ya tangi itakupa habari njema za uongo.

Andaa mikono na valvu. Nawa, vaa glavu mpya, futa mdomo wa valvu kwa spiriti ya asilimia 70 na uache ikauke. Toa kiasi kidogo cha kwanza kwenye jagi, ukitazame, kisha bila kufunga weka chupa ya sampuli. Chupa iwe ile iliyotakaswa na kufungwa kiwandani. Nasisitiza hili kwa sababu nimeletewa sampuli kwenye chupa za maji ya kunywa. Chupa iliyokwisha kunywewa ina bakteria wa mdomo wa mnywaji na matone ya maji ndani. Utakachopima ni yeye. Isitoshe, si chombo cha kubebea mafuta, kwa usalama wala kwa sheria ya busara yoyote.

Andika palepale, juu ya chupa na kwenye daftari: ndege gani, tangi la kushoto au la kulia, tarehe, saa, mara ya mwisho kujazwa lini na wapi, na kama maji yalitoka, kiasi gani. Kila tangi lina chupa yake. Ukichanganya kushoto na kulia kwenye chupa moja ili kubana matumizi, tangi chafu litajificha nyuma ya safi.

Halafu chupa ikae kivulini, mahali pa baridi, na ipimwe mapema iwezekanavyo. Viumbe wale wako hai. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari kutoka kiwanjani mpaka ng'ambo ya mji, wataongezeka au watakufa njiani, na vyote viwili vitakudanganya.

Kuna vipimo gani, na kipi ni bora?

Kuna familia tatu zinazotumika sana, na kila moja inajibu swali lake.

Kuotesha ni njia ya zamani na bado inaheshimiwa. Maabara huchuja mafuta na kuotesha kilichobaki kwenye chujio. Kwa kazi ya kiwanjani kuna chupa ndogo yenye jeli ya chakula ndani: unaingiza kiasi kidogo cha mafuta kwa sindano, unatikisa, unailaza mahali penye joto la wastani, unangoja siku mbili mpaka nne. Kila kiumbe hai huota na kuonekana kama doa la rangi. Uzuri wake ni kwamba unahesabu walio hai tu, na haihitaji mashine. Ubaya wake ni kungoja.

Vipimo vya ukanda hufanya kazi kama vile vipimo vya malaria vya zahanati: matone kadhaa, mistari inatokea au haitokei, na ndani ya dakika 10 mpaka 15 una jibu. Vinatafuta alama za kuvu wa mafuta na za bakteria kwa mistari tofauti. Kwa ndege inayotakiwa kuondoka leo, hiki ndicho kipimo chenye maana.

Cha tatu ni kupima ATP, kemikali ya nguvu iliyo ndani ya kila seli hai. Sampuli huchujwa, seli huvunjwa, kimiminika kinatoa mwanga, na mashine ndogo inausoma. Ni haraka na hakibagui aina ya kiumbe, lakini kinataka mashine, mikono iliyofundishwa na vitendanishi vilivyotunzwa kwenye baridi. Pwani penye umeme wa kukatikakatika, kutunza baridi si jambo la kulichukulia kawaida.

Maoni yangu: kwa kampuni ndogo, weka vipimo vya ukanda kabatini kwa ajili ya dharura, na tumia jeli kwa ukaguzi wa ratiba. Kila kimoja kinasahihisha udhaifu wa mwenzake.

Matokeo nayasomaje?

Mwongozo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, unagawa matokeo katika mafungu matatu. Kwa mafuta yaliyopimwa kwa kuotesha, chini ya vijidudu 4,000 kwa lita ni hali inayokubalika. Kati ya 4,000 na 20,000 ni uchafuzi wa wastani. Zaidi ya 20,000 ni uchafuzi mkubwa.

Kwa jeli hesabu ni nyepesi. Ukiweka nusu mililita ya mafuta, kila doa moja linasimama badala ya vijidudu 2,000 kwa lita. Madoa mawili yamekufikisha kwenye mstari wa kwanza, kumi kwenye wa pili. Zingatia kwamba namba hizi ni za mafuta. Maji yaliyotoka chini ya tangi yana wakazi wengi zaidi kwa kawaida yake, na yana viwango vyake tofauti. Usichukue matokeo ya maji ukayasoma kwa jedwali la mafuta.

Matokeo ya wastani hayana maana ya kupaki ndege. Mwaga maji, chukua sampuli mpya kwa uangalifu zaidi, pima tena, na kama yanarudia panga matibabu ndani ya muda unaotajwa na kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo. Matokeo makubwa yakithibitishwa, ndege inasubiri.

Kipimo kinasema safi, lakini filta bado inaziba. Nani mwongo?

Huenda hakuna mwongo. Ute uliokufa hauoti kwenye jeli, lakini unaziba filta vilevile. Huenda pia sampuli haikugusa pale viumbe walipo: hushika kwenye kuta na kona za mbavu za bawa, na mafuta yanayopita juu yao yanaweza kuwa na wachache tu. Ndiyo sababu kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu. Sampuli tatu za miezi tofauti, zikiwa zimechukuliwa kwa namna ileile, zinaonyesha mwelekeo. Na kama filta imeziba, ifungue uitazame kabla ya kuitupa. Watu wanatupa ushahidi kwenye pipa la taka kisha wanaagiza kipimo.

Si tuweke dawa tu kila mwezi, tumalize?

Hapana, na hapa naomba nisikilizwe vizuri.

Dawa za kuua vijidudu zipo na zinafaa, lakini ni kemikali zinazopita ndani ya injini. Zikizidi, zinageuka hatari kubwa kuliko ukungu wenyewe. Tarehe 26 Februari 2020, ndege aina ya Airbus A321 ilipata hitilafu za injini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Gatwick, Uingereza. Uchunguzi wa AAIB, chombo cha Uingereza cha kuchunguza ajali za ndege, ulikuta kwamba wakati wa matengenezo matangi yalikuwa yametiwa dawa iitwayo Kathon kwa kiwango cha mara 38 ya kile kinachotakiwa. Mwaka mmoja kabla, Machi 2019, injini zote mbili za Boeing 787 zilishuka nguvu kwa muda ikikaribia kutua Kansai, Japani, na dawa hiyohiyo ilihusishwa. Machi 2020 mtengenezaji akasitisha matumizi yake kwenye mafuta ya ndege.

Lile la Gatwick lilianzia kwenye hesabu. Kwa hiyo tuifanye hapa. Sehemu 100 kwa milioni, kwa ujazo, ni mililita 100 kwa kila lita 1,000. Ndege ndogo ya tabaini yenye lita 1,200 inataka mililita 120, yaani chini ya kikombe cha chai. Ukizidisha mara 38 unapata zaidi ya lita nne na nusu. Mtu aliyeshika dumu la lita tano na kuambiwa "mwaga lote" anapaswa kusimama hapohapo. Angalia pia kama kiwango kwenye lebo ni kwa ujazo au kwa uzito, maana Jet A-1 ni nyepesi kuliko maji na namba hazilingani. Hesabu ifanywe na watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, kisha walinganishe. Na dawa ichanganywe na mafuta kwa njia inayoelezwa na kitabu. Kuimimina mbichi ndani ya bawa kunaiacha imekaa sehemu moja.

Dawa iwe ile tu inayokubaliwa na mtengenezaji wa ndege na wa injini hiyo. Na hata ikifanya kazi vizuri, haiondoi maji wala maiti. Mwaga maji kwanza, safisha panapofikika, tia dawa, acha muda uliotajwa, badili filta, kisha pima tena. Anayetia dawa juu ya maji amepoteza dawa, kwa kuwa maji yaleyale yatapokea mbegu mpya wiki ijayo.

Kwenye boza na ghala, niangalie nini zaidi?

Filta ya kutenganisha maji. Vijidudu hutoa vitu vinavyofanya kazi kama sabuni, na sabuni huiharibu filta hiyo: matone madogo ya maji hayaungani tena kuwa makubwa, yanapita pamoja na mafuta mpaka kwenye bawa. Kwa nje mtambo unaonekana mzima. Soma tofauti ya msukumo kabla na baada ya filta kila siku na uiandike kwenye grafu. Ikipanda ghafla, kuna uchafu. Ikishuka ghafla bila sababu, pengine filta imepasuka, na hilo ni baya zaidi. Mwaga maji ya chini ya boza kila asubuhi na baada ya mvua kubwa.

Mimi ni abiria tu. Niogope?

Hapana, mama. Tatizo hili hukua polepole na lina hatua nyingi za kulikamata. Ukimwona rubani asubuhi anazunguka chini ya bawa na kikombe cha plastiki angavu, anamwaga kidogo na kukitazama juani, hapotezi muda wako. Mwache amalize.

Boti yangu ya dizeli pale Deep Sea inaziba filta kila mara. Ni hawahawa?

Mara nyingi ndiyo, kaka, au jamaa zao. Dizeli inaota kwa urahisi, na tangi la boti lina unyevu na maji ya chumvi karibu. Jaza tangi jioni ukirudi, usiliache nusu. Mwaga maji kwenye kikombe cha filta kabla ya kuwasha. Jenereta la akiba ndilo linaloteseka zaidi, kwa sababu dizeli yake hukaa miezi bila kuguswa, na siku umeme ukikatika ndipo linagoma. Usitumie dawa ya ndege kwenye boti wala ya boti kwenye ndege.

Bomba la Hoima hadi Chongoleani litatuletea mafuta ya ndege?

Hapana. Bomba hilo la kilomita 1,443, kutoka Uganda hadi hapa Tanga, ni la mafuta ghafi ya kusafirishwa nje kwa meli. Mafuta ya ndege ni bidhaa ya kiwanda cha kusafishia. Ila bakteria wale wa yai viza wanajulikana sana kwenye mabomba ya mafuta ghafi duniani, kwa hiyo vijana wa Tanga wanaojifunza kuwapima wana ujuzi unaotakiwa pande zote mbili.

Nikigundua uchafu, nimwambie nani?

Fundi mwenye leseni ya ndege hiyo na aliyekuuzia mafuta, kwa maandishi, siku ileile. Hitilafu ya usalama wa ndege ni ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Biashara ya mafuta inasimamiwa na EWURA, na viwango vya bidhaa ni vya TBS. Tunza sampuli ya pili iliyofungwa, yenye saini na tarehe; bila hiyo itabaki neno lako kwa neno lake. Waambie pia marubani wengine waliojaza kwenye boza hilo wiki hiyo. Hilo watu huona haya kulifanya, na halipaswi kuonewa haya.

Maji machafu na sampuli zilizokwisha pimwa nazitupa wapi?

Si kwenye mtaro, wala si pembeni mwa uwanja. Mitaro ya mji huu inaelekea baharini, kwenye mikoko na mahali kina mama wanapookota chaza. Weka pipa moja lenye mfuniko na alama, la mafuta mabovu tu, na ulikabidhi kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Chupa za jeli zenye madoa zina viumbe hai: zifunge, zitie kwenye dawa ya klorini kama mtengenezaji anavyoelekeza, kisha ndipo zitupwe. Maji yaliyotoka na dawa ya kuua vijidudu yakae kwenye pipa lake peke yake, mbali na mengine, na glavu zisivuliwe mpaka kizibo kimefungwa.